Kaunta ya Ndege Si Mahakama: Ukikataliwa, Dai Karatasi

Polisi akikukamata pale stendi ya Nyeri, hata kama ni uonevu mtupu, kuna mahali jina lako litaandikwa. Kuna OB, kuna nambari, kuna saa 24 za kukufikisha mbele ya hakimu. Katiba imesema hivyo. Lakini ukikataliwa kupanda ndege pale JKIA, viza yako mkononi na tiketi imelipiwa, hakuna anayeandika kitu. Unaambiwa "sistimu imekataa", unasogezwa kando na begi lako la kilo 23, na aliye nyuma yako anaitwa. Umehukumiwa bila shtaka na bila hakimu. Aliyekuhukumu ni kijana wa rika lako, amevaa tai ya kampuni, na hata yeye pengine hajui kama amekosea.

Vijana, hapo ndipo ninapotaka tusimame. Hatudai viza za bure, wala hatusemi ndege zibebe kila anayefika na begi. Tunadai kitu kidogo sana: anayekuzuia aandike kwa nini amekuzuia.

Wengi wetu hudhani mhudumu wa kaunta anafanya kazi ya shirika la ndege peke yake. Kwa zile dakika mbili anazoshika pasipoti yako, anafanya pia kazi ya serikali ya nchi unayokwenda. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule unaosimamia usafiri wa anga duniani, una Kiambatisho cha 9 kinachoyataka mashirika ya ndege yahakikishe, kabla abiria hajapanda, kwamba ana hati zinazotakiwa na nchi anakopita na anakokwenda. Halafu kila nchi imeongeza kiboko chake. Uingereza ilipitisha sheria ya kuyatoza mashirika faini mwaka 1987, na leo ni pauni 2,000 kwa kila abiria anayefikishwa bila hati zinazofaa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2001, uliziambia nchi wanachama kwamba faini ya juu isipungue euro 5,000 kwa abiria, au ile ya chini isipungue 3,000. Juu ya hiyo, shirika linabeba gharama ya kumrudisha huyo mtu.

Sasa tazama mizani ilivyokaa. Mhudumu akikosea akakupandisha, kampuni yake inalipa maelfu na yeye anaitwa ofisini. Akikosea akakuzuia, analipa nini? Hakuna. Wewe ndiye unayelipa. Ungekuwa wewe nyuma ya ile kaunta, foleni ni ndefu, skrini imeandika maneno yasiyoeleweka vizuri, ungemwamulia vipi mtu usiyemjua? Ungemzuia. Kwa hiyo simwiti yule kijana adui. Nasema mizani yenyewe imepindwa, na imepindwa makusudi. Serikali za nchi tajiri zimeondoa mpaka wao London na Amsterdam zikauleta Embakasi, na mpaka huo haukuja na wakili wala ofisi ya rufaa.

Chombo wanachotumia kinaitwa Timatic. Ni hifadhi ya masharti ya kuingia nchi zote, inayoendeshwa na IATA, muungano wa mashirika ya ndege. Mhudumu anaingiza uraia wako, unakokwenda, unakopita na aina ya hati, na masharti yanatokea. Siku hizi nchi nyingine zinajibu moja kwa moja kwenye mfumo: huyu sawa, huyu hapana. Timatic ni chombo kizuri tu. Shida ni kwamba masharti yana "isipokuwa" na "endapo" nyingi, anayeyasoma ana sekunde thelathini, na wewe unayehusika huruhusiwi hata kuitazama ile skrini.

Dada mmoja wa hapa Majengo, Nyeri, alipata nafasi ya chuo nje. Jina lake silitaji, na shirika pia silitaji kwa sababu jambo lake bado linafuatiliwa. Familia ilikusanya kuanzia bonasi ya chai ya mjomba hadi mchango wa akina mama wa mtaani. Alikuwa na viza ya nchi anayokwenda, imebandikwa kwenye pasipoti. Ndege ilikuwa inapitia nchi ya tatu, abadilishe ndege bila kutoka nje ya uwanja. Kwenye kaunta akaambiwa anahitaji viza ya kupitia. Akasema mbona nimeulizia na sihitaji? Akaambiwa sistimu imekataa. Kaka yake alikuwa nje kwenye maegesho akipiga simu ubalozi huu na ule, na hadi anapata jibu kwamba dada hakuhitaji viza hiyo, geti limefungwa. Walirudi Nyeri usiku huo huo kwa matatu, kilomita 150 hivi, begi likiwa juu ya mapaja.

Lililonichoma zaidi nililiona baadaye, tulipoitazama rekodi ya tiketi yake. Iliandikwa kwamba abiria hakujitokeza. Yaani aliyesimama mbele ya kaunta saa nzima akilia ameandikwa kuwa hakufika! Na kwa sababu "hakufika", pesa za tiketi zikapotea. Unaona sasa kwa nini nasema karatasi? Bila karatasi hawakuzuii safari tu, wanafuta hata kule kuzuiwa kwenyewe.

Najua kuna atakayeandika hapa chini: "Si mhakikishe tu hati zenu ziko sawa?" Ndugu yangu, ni kweli, na hatutawatetea madalali wanaozunguka Karatina, Nanyuki na Meru wakiuza viza bandia kwa wasichana wanaotafuta kazi Ghuba. Hao ni wezi. Mtu akizuiwa kwa sababu ya viza ya dalali, shirika limefanya kazi yake, na huenda limemwokoa na mabaya zaidi. Lakini ni mwizi yupi huogopa maandishi? Ni yeye. Viza ikiwa bandia, iandikwe ni bandia, tumpeleke dalali kwa DCI na ushahidi mkononi. Karatasi inamsaidia mwenye haki na inamfichua mwongo, na shirika lenye uhakika na uamuzi wake halina cha kupoteza kwa kuandika mistari miwili.

Halafu hili neno "hati ziko sawa" tulichunguze. Sawa kwa nani, na kwa siku gani?

Tarehe 27 Januari 2017, Rais Trump alitia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba kuingia Marekani: Iraq, Iran, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Zote nchi za Waislamu wengi. Kesho yake, pale Cairo, Wairaki watano na Myemeni mmoja wenye viza halali walizuiwa kupanda ndege ya EgyptAir kwenda New York. Hapa kwetu, Wasomali wapatao 140 waliokuwa tayari Nairobi wakisubiri kusafiri, baada ya kuchunguzwa kwa miaka na Wamarekani wenyewe, walirudishwa Dadaab kwa basi. Tarehe 3 Februari jaji mmoja wa Seattle, James Robart, akaisimamisha ile amri, na mashirika yakaanza tena kupokea abiria wa nchi zile. Viza zilezile na nyuso zilezile zilizokataliwa Jumamosi zikawa halali wiki iliyofuata. Hati hazikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni ujumbe uliotumwa kwa kaunta. Na Juni 2025 amri mpya ikaja, Somalia, Sudan, Libya na Yemen zikiwemo tena.

Wala tusijifanye Kenya ni safi. Januari 2025 Baraza letu la Mawaziri liliidhinisha kuondoa sharti la kibali cha eTA kwa Waafrika wote, likaacha nje nchi mbili: Somalia na Libya. Sababu iliyotolewa ni usalama. Jirani tunayepakana naye, ambaye jamaa zake wako Garissa, Isiolo na Eastleigh, ndiye aliyebaki kuulizwa kaunta. Sisi tunaolalamikia Ulaya tumejifunza ufundi wao haraka sana.

Kisa kinachopaswa kufundishwa kila darasa la uraia nchi hii ni cha Miguna Miguna. Najua wengi hapa mlimani hamkumpenda, na yeye mwenyewe hakuwa na maneno matamu kwetu. Hilo liwekeni kando. Mtu amezaliwa Nyando, na Katiba Ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine. Ibara ya 39 inasema kila raia ana haki ya kuingia Kenya na kukaa. Februari 2018 alitupwa Canada. Machi akarudi, akakwama JKIA siku kadhaa, akapelekwa Dubai, huku amri za mahakama zikitolewa na kupuuzwa. Desemba 2018 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba haki zake zilivunjwa, akamtunukia fidia ya zaidi ya shilingi milioni 7. Januari 2020 Mahakama Kuu ikaiagiza serikali iwezeshe kurudi kwake.

Alipofika uwanja wa Frankfurt kupanda ndege ya kuja nyumbani, Lufthansa ikakataa kumbeba. Kwa nini? Serikali ya Kenya ilikuwa imetoa ilani, ile iliyopata umaarufu kwa jina la "red alert". Novemba 2021 akajaribu tena, safari hii Air France nayo ikakataa, sababu ileile. Hadi Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika na ilani kuondolewa, ndipo alipotua Nairobi.

Tafakarini hapo. Majaji wa Kenya walisema aje. Mhudumu wa kaunta Ujerumani akasema asije, na mhudumu akashinda. Serikali haikuhitaji kumpinga jaji mbele ya watu. Ilituma ujumbe tu kwa kampuni, kampuni ikaogopa, na mwanasheria mwenye vitabu na mawakili wake akakaa nje ya nchi yake zaidi ya miaka minne. Kama yeye mwenye hukumu mkononi alishindwa na kaunta, msichana wa Majengo Nanyuki mwenye pasipoti mpya ya shilingi 7,500 atafanya nini?

Linganisha na yaliyompata Martha Karua, mama wa Kirinyaga, Mei 2025. Alikwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, akazuiwa uwanjani na kurudishwa. Ulikuwa uonevu. Lakini angalau aliyemzuia alikuwa serikali ya Tanzania, watu wa uhamiaji wenye sare, na dunia nzima ilijua nani wa kulaumiwa. Kwenye kaunta ya ndege kila mtu ananawa mikono. Shirika linasema ni masharti ya nchi. Ubalozi unasema sisi hatukukataa, tulitoa viza. Uhamiaji wa Kenya unasema huyo hakufika kwetu, nendeni kwa shirika. Na wahudumu wenyewe mara nyingi wameajiriwa na kampuni ya nne, ya kuhudumia abiria. Unazungushwa kama mtu anayetafuta kitambulisho.

Na sisi watoto wa Majengo, wa Mjini Murang'a, wa Isiolo, hayo ya kitambulisho tunayajua vizuri. Jina la baba limeandikwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye viza. Asha ni Aisha ni Aysha. Waliosilimu wana jina la kwanza Wanjiru na la pili Khadija, na kila ofisi imeyapanga inavyotaka. Karani ndiye aliyekosea, miaka ishirini iliyopita, lakini anayejibu leo ni wewe, saa tisa usiku, na ndege inaondoka saa kumi na moja. Kusema "jina halilingani" ni kazi rahisi mno kwa mtu asiyetaka kukupandisha. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, asili na hata mavazi, na inasema wazi kwamba marufuku hiyo inamhusu mtu yeyote, si serikali tu. Lakini utathibitisha vipi kwamba ulibaguliwa, kama sababu haikuandikwa?

Mimi si wakili, nina diploma tu. Lakini sheria hizi zimeandikwa ili hata sisi tuzisome, na nimezisoma.

Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, ile iliyotokana na Ibara ya 47, haiwabani wafanyakazi wa serikali pekee. Inataja pia asasi zisizo za serikali, na mtu yeyote ambaye uamuzi wake unagusa haki au maslahi ya mwingine. Na Ibara ya 47 yenyewe inasema anayeathiriwa na hatua kama hiyo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sasa shirika linalofanya kazi ya mpaka litatuambiaje kwamba halihusiki? Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: una haki ya kujua taarifa zako zilizotumika, na kuna kinga dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake. "Sistimu imekataa" ni kukiri kwa mdomo kwamba mashine ndiyo iliyoamua. Mwambie aiandike sentensi hiyohiyo, uone kama ataiandika.

Wanaosafiri kwenda Ulaya wana silaha kali zaidi, na wengi hawaijui. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya 2004 inamlinda abiria anayezuiwa kupanda bila sababu za msingi. Inamhusu kila anayeondokea uwanja wa Ulaya, na pia anayetoka Nairobi kwenda Ulaya kwa shirika la Ulaya, mathalani KLM, Air France au Lufthansa. Kwa safari ndefu kama hiyo fidia ni euro 600, na shirika lazima likupangie safari nyingine au likurudishie nauli. Ni kweli kanuni inasema hati pungufu ni sababu ya kukuzuia. Mashirika yalikuwa yanajificha humo. Lakini tarehe 30 Aprili 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria wa Kazakhstan aliyezuiwa na Blue Air kule Larnaca, Cyprus, akielekea Bucharest. Shirika lilisema hati zake hazitoshi, na lilikuwa limewauliza hata maafisa wa Romania. Mahakama ikasema shirika kudai tu kwamba hati hazitoshi hakumnyimi abiria ulinzi wake. Abiria akipinga, ni jaji wa kupima kama sababu ilikuwa ya msingi. Na shirika haliwezi kuweka kipengele kwenye mkataba wa tiketi kwamba halilipi kitu kwa abiria lililomzuia kwa madai ya hati pungufu.

Yaani Ulaya yenyewe imekubali: kaunta si mahakama. Kwa nini abiria wa Larnaca awe na mahali pa kupingia, na wa Nyeri arudi na matatu?

Kwa hiyo ikikutokea, usipige kelele. Kelele ndiyo wanayoingoja, waite usalama, na kesi igeuke kuwa ya fujo. Kwa sauti ya kawaida omba msimamizi wa zamu. Omba uonyeshwe sharti gani hasa hukulitimiza, kwa maneno yaliyo kwenye skrini. Omba wapigie uhamiaji wa nchi unakokwenda, kabla geti halijafungwa. Wakikataa yote, omba barua, au hata mstari mmoja kwenye karatasi ya tiketi, wenye tarehe, saa na saini. Hawataki? Watumie barua pepe papo hapo, ukiwa umesimama mbele yao: "Nipo kaunta namba fulani, saa fulani, nimezuiwa na fulani kwa sababu hii niliyoambiwa." Hiyo barua pepe ndiyo itakayomsuta atakayeandika kwamba hukufika. Mwenzako aliyekusindikiza asiondoke uwanjani mpaka umepita geti. Na safari ya kwanza ya mtu yeyote kutoka mtaani kwetu, tumpitishe kwanza kwa kijana anayejua kusoma masharti, jina kwa jina, herufi kwa herufi, wiki mbili kabla, si usiku wa safari.

Kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, tunaandaa barua. Inaomba mambo mawili. La kwanza, shirika lolote linalomzuia abiria kwenye uwanja wa Kenya kwa sababu ya hati limpe papo hapo sababu iliyoandikwa, na nakala iende KCAA. La pili, abiria aliyezuiwa asiandikwe kuwa hakujitokeza.

Barua haina nguvu bila visa vya kweli. Kama ulizuiwa, au ni dada yako, au ni jirani yako wa Embu, Chuka, Nanyuki au Nyahururu, tutumie ujumbe kwenye ukurasa huu. Tunataka tarehe, saa, ulikokuwa unakwenda, maneno uliyoambiwa, na picha ya tiketi. Jina lako hatutalitoa bila ruhusa yako. Wale ambao visa vyao vimepita miaka mitatu pia tumeni, hasa kama mlihifadhi ile tiketi iliyoandikwa kwamba hamkufika.